Wafu wa Siku Moja

Hapcheon, 22 Agosti 1974

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila fizi za Bibi zinatoka damu tena na hataki mtu azitaje.

Tambiko la Babu limepita bila wewe. Tulikungoja mpaka basi la mwisho kutoka Daegu. Mama alisema tuazime mwanaume wa kumimina pombe, lakini tungemwazima wapi? Unaijua siku hiyo hapa kwetu. Kila nyumba inapika, kila nyumba imeacha lango wazi kwa ajili ya wafu wake, na kila mwanaume yuko mbele ya meza ya kwao. Siku nyingine yoyote ningempata mtu. Lakini wetu waliokwenda Hiroshima kutafuta kazi, wakauawa na bomu lile, hurudi wote pamoja, na jioni hiyo kijiji kizima hakina mwanaume wa ziada. Tangu Baba yangu afariki, wa mezani kwetu ni wewe peke yako.

Basi Bibi alimimina mwenyewe. Mama Dal-su wa jirani alichungulia juu ya ukuta akasema, "Toba! Bibi kizee anamimina kama mwanaume!" Bibi akamjibu, "Ruka ukuta basi uje uninyang'anye kikombe." Huyo huyo Mama Dal-su alikuwa ametuletea mapichi, kasahau kabisa kwamba mizimu huyakimbia. Bibi aliyarusha yakarudi kwao moja moja. "Unataka kumfukuza mume wangu? Mtu katembea kutoka Japani!"

Aliweka pia kibakuli cha shangazi Sun-i, aliyekufa pamoja naye, kando ya bakuli la Babu. Watu wanasema mtoto wa miaka mitano hatambikiwi. Bibi anasema mtoto wa miaka mitano ndiye mwenye njaa zaidi.

Watu wakiniuliza unafanya kazi gani Daejeon, nawajibu ulivyoniagiza, kwamba unatengeneza mbolea. Bibi anacheka: "Kasoma mpaka Kanada, karudi kutengeneza mbolea. Ng'ombe wetu anaitengeneza bila shahada."

Mwakani tafadhali njoo.

Mwanao,
Pyo Ok-ran


Daejeon, 10 Septemba 1974

Ok-ran mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako umenyooka. Kazi ilinizuia, na nawaomba radhi Bibi na mama yako.

Mwambie Bibi namheshimu sana ng'ombe wake. Siku nyingine hata namwonea wivu, maana yeye akimaliza kazi yake analala.

Nimetuma dawa ya fizi. Ukiniandikia, niandikie habari za nyumbani tu: mavuno, shule, afya. Barua za hapa hufunguliwa kabla hazijanifikia. Ni utaratibu wa ofisi, usiogope.

Baba yako Mdogo,
Seok-ju


Hapcheon, 27 Aprili 1975

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Miche ya mpunga imeota vizuri. Katika mtihani nimekuwa wa pili, aliyenishinda ni binti wa mwenye kinu.

Najua uliniambia niandike ya nyumbani tu, lakini hili limeingia nyumbani kwetu. Mwalimu Tak alitusomea gazeti darasani. Nchi yetu imeukubali rasmi ule mkataba wa kutotengeneza silaha za nyuklia. Alisema nchi ya kati kama yetu, iliyobanwa katikati ya wakubwa, inalindwa na neno lake kuliko bunduki zake. Nilinyoosha mkono nikauliza, kama neno linatosha, mbona hao wakubwa wamebaki na mabomu yao? Darasa lilicheka. Mwalimu Tak hakucheka. Alisema, "Kaa chini, Ok-ran."

Niliporudi nilimsomea Bibi habari ile, akataka niirudie.

"Kwa hiyo wameapa?"

"Wameapa, Bibi."

"Wote? Hata wale wanaojua kulitengeneza?"

"Kwetu hakuna wanaojua kulitengeneza."

"Haya," akasema, akainuka kupeleka maji langoni.

Siku hizi anaweka bakuli la maji baridi pale kwenye jiwe la lango kila jioni, si siku ya tambiko peke yake. Anasema wafu wa bomu wanalilia maji usiku kucha na sisi tumelala tu. Mama amemkataza, hasikii.

Wewe ni mkemia. Ungekuja ukamweleza Bibi mkataba huo kwa maneno rahisi, nadhani angelala. Njoo kwenye tambiko.

Mwanao,
Ok-ran


Daejeon, 16 Mei 1975

Ok-ran,

Hongera kwa mtihani. Swali lako lilikuwa zuri, na Mwalimu Tak alifanya vyema kukukalisha. Usiliulize tena darasani, wala usiniulize mimi. Mkemia wa mbolea hajui mambo ya mikataba.

Mwaka huu pia sitakuja. Usinisubiri kituoni.

Hayo maji ya Bibi, je, asubuhi huwa yamepungua?

Seok-ju


Hapcheon, 12 Agosti 1975

Baba Mdogo,

Shikamoo. Maji hupungua. Nadhani ni joto.

Mwaka huu tambiko, ambalo sisi hulihesabu kwa mwezi mwandamo, liliangukia tarehe sita Agosti, siku ileile ya bomu hata kwa kalenda ya kisasa. Kijiji kilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia vijiko vya nyumba za wenzetu. Bibi alimimina tena. Pombe nyingine ilimwagika mkekani, akajifanya hakuona. Nasi tukajifanya hatukuona.

Nimefundishwa kutomwandikia mkubwa nikiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja siku kadhaa. Hasira haikuisha.

Dada yake Mama Dal-su anauza vitambaa Seoul. Alikuona huko na mwanamke aliyevaa vizuri. Mama Dal-su ametangaza hadi kisimani: "Msomi wenu kapata mchumba, ndiyo maana hapaoni tena kwao. Nani atampa binti akijua katoka nyumba ya watu wa bomu?" Mama alikuwa pale na ndoo yake. Alirudi na ndoo nusu.

Najua watu hutuogopa, wakidhani ugonjwa wa bomu hurithiwa. Binamu yangu wa Changnyeong uchumba wake ulivunjika kwa sababu baba yake ni manusura wa bomu. Kama na wewe umewaambia watu kwamba kwenu si Hapcheon, nitajaribu kuelewa. Lakini sema. Bibi anadhani umelemewa na kazi, na kila basi likisimama hunyoosha nywele zake.

Je, unatuonea haya?

Ok-ran


Daejeon, 3 Septemba 1975

Ok-ran,

Fikirieni hivyo.

Nimetuma dawa.

Seok-ju


Hapcheon, 21 Desemba 1975

Baba Mdogo,

Dawa imefika. Bibi aliuliza kama umeandika. Nilimwambia umeandika, unamsalimu sana, unalemewa na kazi. Kisha akaniomba nimsomee barua yenyewe. Nilishika karatasi yako nikasoma mambo yasiyokuwemo. Nilisoma kwamba unakumbuka kimchi chake cha kabichi iliyochachushwa, kwamba unamwuliza kama kifuniko cha mtungi kimeshikana na barafu. Alifurahi sana. Akasema, "Anaandika vizuri zaidi kuliko zamani."

Sijawahi kumdanganya Bibi kabla ya siku hiyo.

Ok-ran


Busan, 7 Machi 1976

Ok-ran,

Barua hii nimeiposti mwenyewe hapa Busan. Haikupitia ofisini. Isome ukiwa peke yako.

Hakuna mchumba. Yule mwanamke ni mke wa mwenzangu, nilikuwa nimewasindikiza hospitali. Niliacha uamini lile jingine kwa sababu niliona ni nafuu unichukie kwa majivuno.

Sitengenezi mbolea. Tangu nirudi kutoka Kanada nimekuwa miongoni mwa watu wanaotafuta njia ya kuchenjua mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, ili kupata kile kinachowekwa tumboni mwa bomu. Nchi yetu iliapa mbele ya dunia, nasi tukaendelea. Siku uliyomsomea Bibi gazeti, mimi nilikuwa kazini nimevaa glavu.

Walituambia Wamarekani wanapunguza askari wao, wa kaskazini wanangoja, na nchi isiyo na meno itatafunwa. Niliamini. Nikikwambia kwamba siamini tena hata kidogo, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Unajua kwa nini nilisoma kemia? Mwaka ule wote walikuwa Hiroshima: Babu, Bibi, baba yako, Sun-i. Mimi niliachwa Hapcheon kwa nyanya kwa sababu nilikuwa na surua. Mwilini sina hata kovu. Baba yako alikuwa akivua shati kisimani, nami naangalia mgongo wake, naona aibu ya ngozi yangu. Nilitaka kukijua hicho kitu kilichowapata wote nikiwa sipo. Nikakijua mpaka nikafikia kukitengeneza.

Mwiko unaujua. Aliyegusa maiti hasogelei meza ya tambiko. Ana uchafu, na wafu wakimnusa hugeuka wasile. Ikiwa aliyegusa maiti moja hasogei, mimi nisimame wapi? Nishike kikombe cha Babu kwa mikono hii, Sun-i akiwa pembeni na kibakuli chake? Ndiyo sababu sikuja. Haya nilikuwa nayo, lakini si ya kuwaonea ninyi.

Mwezi wa Januari mkataba wa kununua mtambo kwa Wafaransa ulifutwa. Wamarekani walitubana, nasi tukaambiwa tufunge makabati ya vifaa. Usifurahi. Mimi sikuacha. Niliachishwa, na hayo ni mambo mawili.

Ukitaka kunijibu, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ni duka la dawa la rafiki yangu. Bibi usimwambie.

Seok-ju


Hapcheon, 20 Juni 1976

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilianza barua nyingi nikazichana. Nimekuota mara kwa mara umesimama kwenye mlango wetu na zile glavu, na Bibi anakuambia vua viatu uingie, nawe huvui.

Sikumwambia. Nilimzunguka tu, siku moja tukichambua chipukizi za soya.

"Bibi, mtu mwenye uchafu, akikaa miaka bila kuja mezani, wafu humsahau?"

"Uchafu gani?"

"Tuseme aligusa maiti."

Aliweka ungo chini. "We mtoto, mimi nilivuka mji mzima nikikanyaga maiti kumtafuta babu yako. Nilimgeuza mmoja mmoja nimtazame uso, na wengine hawakuwa na uso. Ungekuwa mwiko wa kushikwa hivyo, Hapcheon hii nani angepika? Mwambie huyo mtu aje."

Sikuwa nimemwambia kwamba kuna mtu.

Baba Mdogo, sijui kama mimi nataka uje. Nakuandikia kweli kama ulivyoniandikia kweli. Lakini daktari wa kliniki amemwita Mama pembeni. Damu ya Bibi imeharibika, na huenda hili ndilo tambiko lake la mwisho. Usipokuja sasa, hutamkuta. Bibi amesema tutafanya mapema, jua likizama, kama serikali inavyotaka siku hizi, kwa sababu kukesha hawezi tena.

Nitakuwa kituoni.

Ok-ran


Hapcheon, 2 Agosti 1976

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Baada ya tambiko uliondoka na basi la alfajiri kabla hatujaamka, kwa hiyo kuna mambo huyajui. Naomba kwanza unisamehe kwa kukohoa.

Tulipokwisha kuandaa chakula mezani na kufunga mlango ili wafu wale peke yao, ulisimama barazani umeupa mlango mgongo. Mkuu wa meza ndiye hukohoa, wao wapate kujua kwamba tunarudi ndani. Tulikungoja. Nyumba nyingine zilianza. Akakohoa baba Dal-su, wakakohoa kwa kina Byeon, kisha kwa kinyozi, nyumba baada ya nyumba mpaka kule chini mtoni. Zilipita zote, kwetu kukabaki kimya. Mama alinitazama. Bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Seok-ju, baba yako hakuwa mtu wa kula polepole."

Ndipo uliposema, "Mama, siwezi kuingia humo. Nilikuwa natengeneza lile bomu."

Ulilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Mama alishika nguzo. Mimi niliangalia karatasi iliyowambwa kwenye mlango wetu. Nilifikiri, wako upande wa pili wa karatasi hii na wamesikia. Niliona si haki waendelee kungoja tu. Nikakohoa. Msichana hafanyi hivyo, najua. Kisha nikafungua mlango, nawe ukaingia kwa sababu ulikuwa wazi.

Sasa hili ndilo hukulisikia. Ulipokwenda kulala, Bibi alikaa jikoni nikiosha vyombo.

"Mimi nilidhani atasema kaoa kimya kimya," akasema.

Sikujua kama nicheke. Akaendelea kufuta bakuli lile moja muda mrefu.

"Miaka yote nimejiuliza walikuwa watu wa namna gani, hao waliokaa wakakifikiria kitu kile wakakitengeneza. Nilidhani hawana kwao. Nilidhani hawana hata nyuso, kama wale niliowageuza. Kumbe ni mtu kama mwanangu. Anakunja soksi zake. Anauliza kama nimekula."

Nikamwuliza, "Umemsamehe, Bibi?"

"Sijui. Usinisumbue. Lakini sasa namwona hata yule wa kwanza, yule Mmarekani. Namwona anakunja soksi zake. Ningependa nisimwone."

Tangu siku hiyo halali vizuri zaidi wala vibaya zaidi. Ila nilimweleza jinsi mlivyofunga makabati, na amekuwa akiuliza kila asubuhi kama yamefunguliwa tena. Nimemjibu sijui. Je, yamefunguliwa?

Mwanao,
Ok-ran


Miryang, 3 Oktoba 1976

Ok-ran mwanangu,

Usiombe radhi kwa kukohoa. Ningekuwa bado barazani.

Mlikuwa mkiuliza jambo ambalo na mimi nilikuwa nikilingoja. Ndiyo, makabati yamefunguliwa. Walituita mwezi uliopita. Kazi imepewa jina jingine, mlango umebandikwa bango jipya, na safari hii tunaambiwa ni kwa ajili ya umeme peke yake. Huenda ni kweli. Lakini vifaa nilivikuta pale pale nilipoviacha.

Mkuu aliniwekea karatasi ya kusaini. Nikamwambia sirudi.

"Unawaogopa Wamarekani?"

"Hapana."

"Umekuwa mtu wa amani ghafla?"

"Hapana, bwana."

"Basi unamwogopa nani?"

Nilikuwa nimejitayarishia majibu ya kisomi, yenye mikataba na sheria. Yote yalinitoka. Nikasema, "Namwogopa mama yangu." Walicheka chumba kizima, na kusema kweli hata mimi nilicheka. Kisha nikasaini ya kuacha kazi. Walinikumbusha ni mambo gani nisiyatamke maisha yangu yote, na ni nani watakaokuwa wakinitazama. Unapoisoma barua hii, fahamu kwamba nimevunja ahadi hiyo mara tatu, zote kwenu nyumbani.

Lakini usinipe sifa nisiyostahili. Kiti changu kilipata mtu kabla ya chakula cha mchana. Anaitwa Noh, mkemia hodari kuliko mimi, na nilimfundisha mwenyewe. Alikuja kuniaga kwa heshima zote, akaniuliza nimeweka wapi maelezo ya hatua ya tatu. Nikamwonyesha. Mazoea, Ok-ran. Mkono ulinyooka wenyewe kabla sijafikiri. Kwa hiyo sijui nimezuia nini. Kazi inaendelea kama vile sikuwahi kuwapo wala kuondoka.

Nimepata kazi ya kufundisha kemia hapa Miryang, shule ya wasichana. Wana maswali mengi kama wewe. Siwaambii wakae. Jumamosi nitakuja kumwona Bibi.

Baba yako Mdogo,
Seok-ju


Hapcheon, 6 Oktoba 1976

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika mchana huu, na nimemsomea Bibi yote bila kuongeza wala kuruka kitu. Alikuwa amelala chini, kwenye sehemu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini, macho kayafumba, nikadhani amesinzia. Nilipofika mahali pa huyo Noh alifumbua macho.

"Huyo aliyekaa kitini, ana mama?"

"Sijui, Bibi. Barua haisemi."

"Atakuwa naye. Mwulize baba yako mdogo anaitwa nani huyo mama, na anakaa wapi."

"Ya nini, Bibi?"

"Nataka kumwandikia."

Nilimkumbusha kwamba hajui kuandika. Akaniambia, "Wewe si wa pili darasani? Kaa hapa." Nikaleta wino na karatasi, nikakaa. Nilimweleza pia kwamba ni jambo la hatari, kwamba wanakutazama, na kwamba huenda mama huyo akatuchukia. Akasema hataandika neno lolote la siri. Atamweleza tu habari za Sun-i, alivyokuwa anapenda kulala, na chakula alichokuwa anakitaka siku ile asubuhi, yeye Bibi akamwambia asubiri. Basi. Halafu huyo mama atamwangalia mwanawe mwenyewe akija likizo.

Nilimwuliza, na Noh naye akiacha, wakakalisha mwingine?

"Huyo naye atakuwa na mama," akasema. "Andika polepole, mimi sichoki."

Amechoka, Baba Mdogo. Mkono wake ni mwepesi kama jani kavu. Lakini tumekwisha anza. Ukurasa wa kwanza umejaa na bado hatujafika asubuhi yenyewe. Mahali pa jina nimepaacha wazi.

Tafadhali, ukija Jumamosi, tuletee anwani.

Mwanao,
Pyo Ok-ran